Nani Anasimama Nyuma ya Binti Yako?

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, habari za jioni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na wengi wenu mnajua nitakachosema, maana mmenisikia msimu uliopita na ule wa kabla yake. Nitasema tena: nendeni mazoezini mkaone nani anamlinda binti yenu. Juzi nimepita shule moja hapa hapa Minnesota, saa tisa na nusu alasiri. Nje theluji, timu ya kikapu imeshika ukumbi wa michezo, na mabinti wa timu ya ushangiliaji, ile cheerleading ya kurushana na kupandishana, wamesukumiwa koridoni. Wanapandishana mikononi kwenye korido ya vigae. Watatu kati yao wana majina ya kwetu. Godoro hata moja sikuliona.

Ushangiliaji ni nini sitaeleza, watoto wamewaonyesha video za kutosha. Nitaje kipimo kimoja tu. Binti akisimama juu ya viganja vya wenzake walionyoosha mikono, nyayo zake ziko kama mita 2 kutoka chini. Jumlisha kimo chake. Kichwa kimeshaipita ringi ya kikapu, na ringi ile iko mita 3.05. Haya, hebu mfikirie akitoka pale kinyumenyume, kisogo kikitangulia.

Sasa kisa changu, kile kile. Wisconsin, jirani zetu hapa ng'ambo ya mto. Binti wa sekondari alikuwa akijinoa na wenzake kabla ya mechi ya kikapu. Kuna wa chini anayebeba, kuna yeye anayepanda, na kuna wa tatu, yule ambaye watoto wanamwita spota. Spota kazi yake ni kumlinda anayepanda, na kwa zoezi lile alipaswa awe nyuma. Kwa madai ya binti, mwenzake huyo alikuwa mbele. Binti akaanguka kinyumenyume, akaumia kichwa. Godoro halikutandikwa.

Wakaenda mahakamani. Walimshtaki yule kijana aliyekuwa spota na wakaishtaki wilaya ya shule. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya jimbo, na Januari 2009 ikatoka hukumu. Kwa kijana, mahakama ilisema ushangiliaji ni mchezo wa kugusana miili, na sheria ya jimbo lile inamkinga mchezaji asidaiwe na mwenzake kwa uzembe wa kawaida. Kwa wilaya ya shule, ilisema kitabu cha kanuni hakikumfunga kocha kwa amri moja isiyo na hiari kuhusu magodoro na walinzi. Kilimwachia apime mwenyewe. Kwa hiyo wilaya nayo ikakingwa.

Mmenisikia lakini? Mtoto ameumia kichwa, spota inadaiwa hakuwa mahali pake, godoro halikuwepo, na bado familia ikatoka mikono mitupu. Kila mwaka mzazi mmoja huniambia, "Dada, hii nchi ina sheria, likitokea la kutokea tutamtafuta wakili." Kamtafute, sikukatazi. Mimi nataka uende mazoezini kabla ya wakili.

Kanuni zipo, tena nzuri. Zinaandikwa na shirikisho la kitaifa la vyama vya shule za sekondari, NFHS, lenye makao Indianapolis. Piramidi ya sekondari isizidi ghorofa mbili za watu. Kila anayeinuliwa kwa mikono iliyonyooka juu awe na spota wake. Ule mrusho wa kikapu, wanapofumbata mikono na kumtupa mwenzao hewani, warushaji wasizidi wanne, na mmoja wao awe nyuma yake. Na usifanyiwe sakafu ngumu. Ni kwenye magodoro, majani, au uwanja uliotandikwa mpira laini unaobonyea.

Lakini kanuni haina macho. Macho ni yako. Ukifika pale usihangaike na tabasamu la binti yako, mtazame spota. Mikono yake iko juu na iko wazi? Anamwangalia anayepanda, au anaangalia jukwaani nani kaja? Spota hadaki miguu. Anadaka kichwa, shingo na mabega, basi. Ukimwona anacheka na mtu pembeni huku mtoto yuko juu, hapo hata zulia la hariri halitatosha.

Kuna baba ataniambia, "Sisi kwetu tulipanga piramidi kwenye halaiki, watu ghorofa nne, na hakuna aliyekufa." Baba yangu, ulipanga uwanjani, kwenye majani na mchanga, na mwalimu alikufanyisha zoezi hilo hilo wiki nzima mkiwa mmepiga magoti kwanza. Hawa wanajifunza mtindo mpya Jumatatu ili wauonyeshe Ijumaa.

Mwingine atasema huu si mchezo, ni kupiga makofi tu. Chuo Kikuu cha North Carolina kina kituo kilichoanza mwaka 1982 kuhesabu ajali kubwa za wanamichezo, za kuvunjika shingo na kuumia ubongo. Katika zaidi ya miaka 25 ya hesabu hiyo, takribani theluthi mbili ya ajali za namna hiyo kwa wasichana wa sekondari zilitoka kwenye ushangiliaji. Siwatishi. Kwa jumla wanaoumia ni wachache kuliko michezo mingi, na wengi huteguka kifundo tu. Ila ajali ikiwa kubwa, ni kubwa kweli. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa tamko mwaka 2012 wakitaka ushangiliaji utambuliwe rasmi kuwa mchezo, ili mabinti wapate makocha waliofundwa, matabibu na mahali pa kufanyia mazoezi. Mahali! Ndiyo korido yangu ile.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusimulia St. Louis, Machi 2006, mwanafunzi wa chuo aliyeanguka kutoka kwenye piramidi na bado akachezesha mikono akiwa kwenye machela bendi ilipopiga. Ukumbi mzima ulishangilia. Mimi kila nikiikumbuka picha ile naumwa tumbo, maana watoto wetu wanafundishwa kuwa huo ndio ushujaa.

Hereni, bangili, kucha ndefu: avue, akate, asibishane na kocha. Akigonga kichwa atoke siku hiyo hiyo, na asirudi bila karatasi ya daktari. Majimbo yote 50 yana sheria ya mtikisiko wa ubongo. Habari za bima nitazileta siku nyingine.

Jumanne mazoezi yanaanza saa tisa na nusu. Wenye zamu ya usiku mnaweza kupita kabla ya kwenda kazini. Twende hata watano, tusimame koridoni, tumuulize mkuu wa shule kwa heshima magodoro yako wapi. Mama Neema pale nyuma, mkono umeuinua muda mrefu. Karibu.