Kobazi Kwenye Picha ya Nyayo

FATMA: Karibuni tena, tuko Malindi. Leo tulipanga mambo matatu: ukatibu wa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia ya wanyamapori, akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao, na viti vya jamii ndani ya kamati. Ila Kazungu ametoka Sabaki juzi.

KAZUNGU: Kuna mama kaliwa mahindi na viboko. Faili lake la fidia limerudishwa. Picha anazo, nyayo wazi kabisa, pembeni kaweka kobazi.

FATMA: Kobazi la nani?

KAZUNGU: La jirani.

FATMA: Basi afisa wa kilimo atapima nini, mguu wa jirani? Jamani, wekeni rula, au futi ya fundi. Piga picha kutoka juu, asubuhi jua likiwa bado chini, kivuli kionyeshe vidole. Kiboko ana vinne, vimetanuka. Mbogo ana kwato iliyopasuka kama ya ng'ombe, na dai likikataliwa hapo utaambiwa ni ng'ombe wa mtaani.

KAZUNGU: Ndovu naye, pima mzingo wa unyayo wa mbele, zidisha kwa mbili, utapata karibu kimo chake begani. Kobazi haliwezi kukupa hilo.

FATMA: Mvua ikifuta nyayo?

KAZUNGU: Piga picha mabua. Ndovu hung'oa na kuvunja, kiboko hukata kwa midomo. Na uzio wa shamba upigwe picha pia, kwa sababu sheria inanyima fidia ya mazao kwa asiyechukua hatua za kuyalinda.

FATMA: Dakika kumi za kobazi, Kazungu! Turudi kwenye sheria.

KAZUNGU: Ndiyo hiyo hiyo, Bi Fatma. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Wanyamapori ya 2013: kamati ihakikishe dai, kisha ipendekeze. Kifo na jeraha huenda kwa waziri: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 ulemavu wa kudumu, jeraha jingine hadi milioni 2. Mazao huenda KWS, shirika la wanyamapori la serikali.

FATMA: Na katibu wa kamati ni KWS! Inaandaa faili, kisha inaamua yenyewe kama italipa. Ukatibu uhamie kaunti.

KAZUNGU: Sikubali. Nyayo hazingoji. Gari, askari wa doria na rekodi viko KWS. Tena Jedwali la Nne la Katiba limeweka ulinzi wa wanyamapori kwa serikali ya kitaifa. Kaunti bila bajeti, faili litalala kabatini.

FATMA: Askari aje shambani, atoe ripoti yake. Muhtasari aandike mwingine.

KAZUNGU: Mwingine ambaye hajaliona shamba? Mimi ningebana muda. Mdai ana siku 30 za kukata rufaa kwenye jopo la mazingira, lakini kifungu hicho hakimwekei waziri hata siku moja ya mwisho ya kulipa.

FATMA: Hizo 30 zinaanza ukishajulishwa uamuzi. Kamati isipoketi hakuna uamuzi. Na wa kuitisha kikao ni nani kama si ofisi ya katibu?

KAZUNGU: Kuitisha si kuhujumu.

FATMA: Sijasema wanahujumu. Nasema mlipaji asimwandikie mdai faili.

KAZUNGU: Nami nasema hutapata mwingine wa kufika Sabaki kabla ya mvua.

FATMA: Hapo hatuelewani. Na saa imekwisha. Akidi na viti vya jamii hatukuvigusa.

KAZUNGU: Wiki ijayo tuanze na akidi.