Ndoo za Ukutani

Assalamu alaykum, mabibi na mabwana. Nimealikwa nizungumzie sanaa ya mitaani kama njia ya jamii kujieleza na kudai haki zake. Waliowahi kunisikiliza wanajua ninaposimama, na sijahama: picha ya ukutani ina uzito pale inapotokana na wale wanaopita mbele yake kila siku wakienda dukani, skuli na msikitini. Ukuta uliopambwa ili mgeni aupige picha na kupanda boti ya jioni ni biashara halali, wala siigombi, lakini tusiuite sauti ya jamii.

Nitakieleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu sijaona kingine kinachokifikia. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, nilikokuwa nikiwasomesha vijana kuchora, mfereji, yaani bomba la maji la mtaa, ulikauka. Kwanza maji yalikuja usiku wa manane tu, baadaye hayakuja kabisa. Barua zilipelekwa na majibu hayakurudi. Kando ya mfereji ule upo ukuta mrefu wa matofali ya saruji, na vijana wangu walitaka kumchora juu yake mama aliyejitwika ndoo, machozi yanamtiririka. Niliwaambia waende kwanza barazani wakaulize. Walirudi wamenuna, kwa kuwa maalim wa chuo cha Qurani hakuridhia sura ya mtu ichorwe kwenye njia ya msikitini, na kina mama nao hawakutaka kuonyeshwa wakilia. Bibi mmoja muuza mandazi ndiye aliyelifungua fundo. “Basi chorani ndoo zenyewe,” alisema. “Kila nyumba ndoo yake.”

Ikawa hivyo. Kila nyumba ilitoa chombo chake nje, vijana wakakichora kwa mkaa kisha wakakipaka rangi ya mafuta: dumu la manjano lililokatwa mdomo, beseni la bluu, ndoo iliyofungwa kamba badala ya mkono wake uliovunjika. Bibi yule alimrudisha kijana mara mbili, kwa sababu ufa wa ndoo yake ulichorwa upande usio wake. Vyombo vilifika 41, na mpita njia yeyote aliweza kuzihesabu nyumba zisizo na maji bila ya kumuuliza sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa.

Siku chache kabla ya ziara ya wakubwa, afisi moja ambayo sitaitaja ilituma watu wakaupaka ukuta chokaa. Nilikasirika siku ile na hadi leo sijapoa. Lakini fundi yeyote angewaambia kwamba chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Masika ilipoingia chokaa ilianza kubambuka, na vyombo vikarudi kimoja kimoja, lile dumu la manjano likitangulia. Watoto walitoka kila asubuhi kuvihesabu vilivyorudi. Mvua zilipokwisha, mafundi wa maji walifika. Sidai kwamba ni picha iliyowaleta. Ninachokijua ni kwamba kabla ya kuugusa mfereji walisimama mbele ya ukuta, na mmoja wao akawa anahesabu kwa kidole.

Wapo wanaoniambia kila mara kwamba kuchora ukutani ni tabia ya kuigwa kutoka ng'ambo ya bahari. Hoja hii imenichosha. Katika magofu ya Kilwa, juu ya lipu ya kale, ipo michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa karne nyingi kabla ya kopo la rangi ya kupuliza kujulikana. Kanga inasema yale ambayo mvaaji wake hayatamki. Ubao wa maskani ya Kisonge, kijiwe cha wafuasi wa CCM pale Michenzani, umerusha vijembe vya siasa kwa miaka, na Jaws Corner, kijiwe cha Mji Mkongwe cha watu wa upande wa pili, yaani wapinzani, siasa husomwa na kujibiwa juu ya kikombe cha kahawa. Anayedai kwamba Wazanzibari hawajazoea kusoma hoja hadharani hajawahi kupita njia hizo.

Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zinahitaji kupumua. Ukizipaka rangi ya plastiki unyevu hufungika ndani, lipu ikavimba na kudondoka. Hapo mchoraji aache kabisa, au achanganye rangi yake katika chokaa. Lakini mtu anayeileta hoja hiyo kwa ukuta wa saruji wa Ng'ambo anatetea ukimya, hatetei urithi, na ni vyema aambiwe hivyo usoni.

Nilikusudia pia kufika Nairobi, ambako mwaka 2012 mpiga picha na mwanaharakati Boniface Mwangi na wenziwe waliwachora wanasiasa kwa sura ya tumbusi katikati ya mji, na Kibera, ambako katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007 msanii aitwaye Solo 7 aliandika maneno ya amani kila alipopata nafasi. Wakati umenipita, nanyi mna maswali.

Kwa hivyo niseme na wale miongoni mwenu wanaotoa vibali. Mnapopelekewa ombi la kuchora ukuta wa mtaani, mnaangalia sahihi ya mwenye nyumba, ya sheha na ya mfadhili. Naomba iongezwe sehemu ya sahihi za watu wanaokaa kwenye baraza inayoutazama ukuta huo, wakiwemo kina mama, na zitiwe baada ya wao kuuona mchoro wenyewe, si maelezo yake. Rasimu ya fomu hiyo nimekuja nayo. Ipo mezani, karibu na mlango.