Nani Aliulizwa? Ubunifu na Ujumuishaji katika Jiji la Nairobi

Wazee wetu, akina mama, vijana na wanafunzi, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie mambo matatu mazito kwa pamoja: ujumuishaji, ubunifu na changamoto zinazoikabili dunia. Nitayaleta karibu. Mifano yangu yote imetokea Nairobi, na mingine unaweza kuifikia kwa miguu kutoka hapa Eastlands tulipoketi.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilileta Kenya ujumbe wa wataalamu kuchunguza tatizo la ajira. Walikuta jiji limejaa watu wanaofanya kazi kuanzia alfajiri hadi usiku: mafundi wa bati, washonaji, maseremala, wachuuzi, wote wakikimbizwa na askari wa kanjo, yaani wa halmashauri ya jiji, kwa kukosa leseni. Ripoti yao ndiyo iliyoieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, ambayo mwanaanthropolojia Keith Hart alikuwa ameitoa katika utafiti wake kule Accra. Waliishauri serikali iache kuwasumbua watu hawa na kuwabomolea. Leo, kwa takwimu za taifa, zaidi ya ajira nane katika kila kumi, ukiacha kilimo kidogo, ziko katika sekta hiyo hiyo, na mama mboga bado anaukunja mzigo wake haraka akisikia kanjo wamefika.

Naitaja ripoti hiyo kwa sababu inaonyesha sayansi ya jamii ikifanya kazi yake: kuangalia watu wanafanya nini kabla ya kuamua wanakosa nini. Swali langu leo limetoka hapo. Kila ubunifu unapoletwa, nani aliulizwa? Na aliyeulizwa, alikuwa na uwezo wa kusema hapana?

Chukueni jiko mlilo nalo wengi wenu nyumbani, lile la bati lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani. Wazo lake lilitoka Thailand, likafika hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati watu wakihofia misitu inavyoisha kwa mkaa. Mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo hawakulipokea kama lilivyo. Udongo uliojaa jiko zima ulikuwa mzito na ulipasuka, basi ukabaki sehemu ya juu tu, na umbo likabadilishwa lisimame imara mtu akisonga ugali. Hakuna aliyelifungia kwa hataza. Fundi aliiga kwa fundi mwenzake, bei ikashuka, na leo jiko hilo linatengenezwa nchi nyingi za Afrika. Hapo mtumiaji na mtengenezaji walikuwa na neno la mwisho.

M-Pesa mnaijua, lakini hadithi yake husimuliwa kana kwamba simu ndiyo iliyofanya kila kitu. Majaribio ya kwanza, yaliyoanza mwaka 2005 kwa fedha za kampuni ya simu ya Vodafone na serikali ya Uingereza, yalikusudiwa kumrahisishia mkopaji mdogo kulipa deni lake. Watu waliopewa huduma hiyo wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Tayari Wakenya walikuwa wakisambaziana kredo ya simu kama njia ya kupeana thamani. Kwa nini? Kwa sababu Nairobi ni jiji la watu wenye nyumba mbili. Mshahara unapokelewa Industrial Area, na mama mzazi anaumwa Siaya au Machakos. Kabla ya hapo pesa zilisafiri na makanga wa basi ndani ya bahasha. Safaricom ilipoizindua huduma Machi 2007, iliuza jambo moja: tuma pesa nyumbani. Ukoo na udugu vilikuwepo kabla ya mtambo, na mtambo ukajengwa kuvifuata.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science makadirio kwamba M-Pesa iliziinua kaya 194,000 kutoka umaskini uliokithiri, na kwamba nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Tafiti za FinAccess zinaonyesha waliofikiwa na huduma rasmi za fedha waliongezeka kutoka asilimia 26.7 mwaka 2006 hadi asilimia 83.7 mwaka 2021. Ni mafanikio ya kweli, nami nayaheshimu.

Lakini ndani ya asilimia hizo 83.7 yumo pia kijana aliyekopa shilingi mia tano kwa programu ya simu, akashindwa kulipa kwa wakati, na jina lake likapelekwa CRB, ofisi inayoweka rekodi za wakopaji. Wamo waliopigiwa simu mashemeji na waajiri wao ili waaibishwe, kwa kuwa programu ile ilikuwa imesoma orodha yote ya namba zao. Takwimu zinasema wamejumuishwa. Benki Kuu ilizuia mwaka 2020 mtu kuorodheshwa kwa deni lililo chini ya shilingi elfu moja, na sheria ya Desemba 2021 ikawaweka wakopeshaji hao chini ya usimamizi wake. Hayo yalikuja baada ya miaka ya malalamiko. Takwimu ya ufikiaji haikuonyi juu ya maumivu ya namna hii, kwa sababu inahesabu milango iliyofunguliwa tu. Yanayompata mtu akishaingia ndani, utayasikia kwa kuketi naye na kumsikiliza.

Kuna na wale ambao ubunifu unaweza kuwafungia nje kabisa. Wanubi wa Kibra ni wazao wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na wameishi pale zaidi ya karne moja. Hata hivyo kwa miaka mingi kijana wao akiomba kitambulisho alikuwa akipitishwa kwenye kamati ya uhakiki, jambo ambalo wengi wenu hapa hamkulipitia. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi. Sasa fikirieni Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mkazi namba moja ya utambulisho, ilipotangazwa mwaka 2019. Kwa mwenye kitambulisho, ilikuwa foleni ya nusu siku. Kwa asiye nacho, ilikuwa hatari ya kupoteza hospitali na shule kwa pamoja. Nubian Rights Forum na wenzao walikwenda mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanya DNA, ikaruhusu mpango uendelee kwa sharti la kuwekewa kanuni za kutosha. Oktoba 2021, katika kesi nyingine, mahakama ikasema uzinduzi wa kadi haukuwa halali, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikuwa zimepimwa. Jamii ndogo ya Kibra ilisaidia kutulindia data zetu sote.

Nifike Mukuru, mtaa wa mabanda ambapo naomba tukae kidogo. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalum la Mipango, yaani eneo la kupangwa upya kwa utaratibu wake. Kwa ajili hiyo Muungano wa Wanavijiji, ambao ni umoja wa wakazi wa mabanda, pamoja na mashirika, vyuo vikuu na maafisa wa kaunti walikaa meza moja. Utafiti uliotangulia ulikuwa umeonyesha jambo lenye uchungu: mkazi wa mabanda anayenunua maji kwa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye mfereji nyumbani. Kisha kaya kumi kumi zikaunda kundi, makundi yakaungana hadi ngazi ya mtaa, na takriban kaya 100,000 zikapata njia ya kusema barabara ipite wapi na choo kiwe wapi. Wapo wanaosema kuwauliza watu wengi hivyo kunachelewesha maendeleo. Mwaka 2020 barabara na mifereji ilipoanza kujengwa Mukuru, mchoro wa kuanzia ulikuwa tayari, na wakazi walikuwa wameshakubaliana.

Pamoja na hayo, mwishoni mwa 2021 bomoabomoa ilifika Mukuru kwa Njenga, na maelfu ya watu wakalala nje. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 nayo yalipobomoa nyumba kandokando ya mito, Mathare na Mukuru zikiwemo, jibu la serikali likawa amri ya kuhama, na matingatinga yakafuata. Mabadiliko ya tabianchi yanajadiliwa Gigiri, makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kilomita chache kutoka Mathare. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi miaka ya 1970 na 1980 ili wajenge viwanda vidogo, na wengi hawakujenga. Mpango wa mwaka 2017 ulileta sauti ya wakazi kwenye maji, barabara na shule. Juu ya hatimiliki, sauti hiyo bado haina nguvu, na hapo ndipo ningependa watafiti vijana mlio hapa mpeleke nguvu zenu.

Nimesema ya kutosha. Kipaza sauti kiende kwanza kwa waliotoka Mukuru na Mathare, maana wao wanayo mambo ambayo mimi nimeyasoma tu.