Kabla hujapiga window: kompyuta na intaneti za nyumbani hapa Mtwara

Shikamooni wazee wangu, na vijana mambo vipi. Karibuni nyote, nimeambiwa kuna waliotoka Mikindani, kuna wa Naliendele, na kuna mwalimu katoka Newala alfajiri kabisa, mwalimu pole na safari. Mimi ni fundi kompyuta hapa mjini na leo tutaongea kompyuta na intaneti za majumbani, na za kwenye steshenari pia maana nikiwaangalia hapo najua kwa wengi wenu ndo kazi zenu.

Kuna jambo linaniuma na nalisema mwanzo kabisa. Mtu anaingia na laptop kwapani, hajakaa, anasema fundi nipigie window, yaani niifungie Windows upya. Namuuliza mashine inafanyaje, anasema we piga tu window, imenichosha. Sasa ndugu zangu, kupiga window upya kunaweza kufuta kila ulichoweka kwenye C, ile sehemu ya diski inayokaa Windows, kama fundi hajakihamisha, na wapo mafundi wala hawaulizi, wanachomeka flash, wanapiga, wanachukua hela yao. Unarudi nyumbani ripoti za shule hazipo, mahesabu ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hayapo, picha za marehemu baba hazipo, alafu baada ya wiki mashine inaganda vilevile kwasababu tatizo halikuwa window, ilikuwa diski inakufa. Ni kuezua nyumba nzima kisa kitasa kinakwama. Kwahiyo leo nataka tujifunze kutafuta tatizo limekaa wapi kabla ya kugusa chochote. Ni umeme? Ni mashine yenyewe? Ni rauta? Ni laini inayoingia nyumbani? Au ni huko nje kabisa ambako mimi na wewe hatuna la kufanya? Na ukiwa unajaribu, badilisha kitu kimoja, angalia, ndo uende kingine. Ukibadilisha soketi na waya na chaja kwa mpigo ikawaka, hujajua ilikuwa nini na itakusumbua tena.

Tuanze na umeme maana huku kwetu ndo unaongoza. Mwenye chaja ya laptop hapo aigeuze asome yale maandishi madogo, utakuta INPUT 100-240V. Umeme wetu ni volti 230, kwahiyo hata ukiwa mdogo jioni chaja inavumilia. Kinachoiua ni ule mshtuko umeme unaporudi baada ya kukatika, na radi. Mvua zetu kusini ni msimu mmoja, kama mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili mpaka wa nne hivi, na hicho ndo kipindi napokea chaja na rauta zilizoungua kuliko wakati mwingine wowote. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika chache utulie ndo uchomeke. Ukisikia radi inakuja chomoa na waya wa intaneti na wa antena, sio wa umeme peke yake, maana radi inapita popote penye waya.

Wenye desktop za zamani, nyuma kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme, nyingi kuna kaswichi kekundu kana 115 na 230. Waambieni watoto kale sio ka kuchezea. Kakiwa kwenye 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu utasikia mlio mmoja tu, moshi, na harufu ambayo hutaisahau. Ukinunua mashine ya mtumba angalia hako kwanza kabla hata hujaibeba. Na wenye steshenari, nawaomba sana, printa ya leza msiichomeke kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, printa ikianza kupasha joto inavuta umeme mwingi kwa mpigo na hizi UPS ndogo haziwezi. Printa iende ukutani, UPS ibaki na kompyuta na rauta.

Laptop haiwaki kabisa: toa chaja, toa betri kama ni ile inayotoka, bonyeza batani ya kuwashia ushikilie sekunde 30 hivi, alafu chomeka chaja peke yake uwashe. Zipo nyingi zinaamka hapohapo. Kama feni inazunguka, taa inawaka ila kioo cheusi, zima taa za chumba umulike kioo na tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona kama kivuli cha picha kwa mbali basi mashine ni nzima, kilichokufa ni mwanga wa kioo. Au ichomeke kwenye TV kwa waya wa HDMI uone. Dakika mbili tu umeshajua umlipe fundi kwa kipi na usimlipe kwa kipi.

Sasa sogeeni kidogo muone hii. Hii ninayoishika ni ramu, kumbukumbu ambayo mashine inatumia ikiwa inafanya kazi, nimeitoa kwenye desktop ya mtu anayekaa Shangani, karibu kabisa na bahari. Angalieni haya meno ya dhahabu pembeni, yale ya katikati yamefifia na hapa mwisho kuna kaukungu ka kijani. Ni chumvi hiyo, upepo wa bahari unaleta unyevu wenye chumvi na unakaa kwenye kila kitu cha chuma, mnaona wenyewe mabati na madirisha yetu. Mashine hii inawaka, inapiga mlio, haileti picha. Mwenyewe alishaambiwa ubao mkuu wa kompyuta umekufa anunue mashine nyingine. Mnaona, nachukua raba nyeupe ya penseli, ile ya mtoto wa shule, nasugua taratibu upande huu, nasugua upande wa pili, napuliza yale mabaki yasiingie kwenye tundu, napangusa na spiriti kidogo, naiacha ikauke, narudisha, nabonyeza mpaka vishikizo viite tak tak pande zote mbili. Nawasha. Mlio mmoja mfupi... picha hiyo hapo. Kabla hujafanya hivi lazima umeme uwe umechomolewa, na ushike kwanza chuma cha kasha kutoa ule umeme wa mwilini. Mashine za karibu na bahari zinataka usafi huu mara kwa mara, na zikifungiwa kwenye mfuko wa nailoni bila kutumika miezi mingi ndo zinaharibika zaidi, unyevu unabaki humohumo, bora iwashwe ipate joto lake.

Dada mmoja wa steshenari alinipigia simu msimu wa maombi ya mkopo wa chuo, wanafunzi foleni mpaka nje, kila ukurasa anaofungua unakataa unamwambia muunganisho sio salama. Kashabadilisha laini, kaazima hotspoti ya jirani, bado. Nikamwambia dada soma tarehe hapo chini kulia, akasoma 2015. Basi ndo hapo. Kwenye ubao wa kompyuta kuna betri ya duara kama sarafu imeandikwa CR2032, ya volti 3, kazi yake kutunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikiisha saa inarudi nyuma, na tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwahiyo mashine inayodhani tupo 2015 inaona cheti cha leo hakijaanza kazi, inakataa. Akarekebisha tarehe hukuhuku tunaongea, foleni ikatembea, betri akaweka kesho yake. Na hapo palikuwa na mtu pembeni anamwambia piga window.

Kuganda. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, angalia pale kwenye Disk. Ikisimama 100% muda wote wakati hujafungua kitu, na diski yako ni ile ya kuzunguka, HDD, basi ama imechoka ama ni uzito wake tu, na dawa ni kuweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hakuna kitu kinaifufua laptop ya zamani kama hicho. Ila ukisikia diski inagonga, kle kle kle, zima. Usiiskani, usipige window, usiiwashe kila saa kuangalia kama imepona, kila ukiiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa vitu. Kwanza vitolewe vya muhimu, mengine baadae. Na nyie mliobaki ambao diski zenu nzima, nendeni mkanakili vitu vyenu sehemu ya pili leo hiihii, diski haitoi taarifa.

Intaneti sasa, hapa ndo nataka tukae. Watu wanasema "mtandao haupo" kwa vitu vitano tofauti. Fungua ile dirisha nyeusi ya cmd, ya kuandikia amri (andika cmd kwenye Start), andika ipconfig. Ukiona anwani inaanza na 169.254 mashine yako haijapewa anwani na rauta, imejipa yenyewe, tatizo liko kati yako na rauta, hujafika hata nje ya nyumba. Zima washa rauta, sahau wifi uiunge upya, au tumia waya. Ukiona 192.168 kitu kitu sawa, andika ping, amri ya kuuliza kama upande wa pili unajibu, alafu namba ya rauta, ile iliyoandikwa Default Gateway, nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikijibu, ndani kwako hakuna tatizo. Sasa ping 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google huko nje. Isipojibu tatizo ni laini au bando limeisha, angalia taa za rauta, wenye faiba ile taa ya LOS ikiwa nyekundu mwanga haufiki, piga simu kwa mtoa huduma usihangaike na kompyuta. Ikijibu 8.8.8.8 lakini ping google.com ikakataa basi intaneti unayo, kilichokufa ni DNS, ile inayogeuza jina kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio ya wifi weka DNS 1.1.1.1 au hiyohiyo 8.8.8.8, unaendelea na kazi. Hizo ping hazimalizi hata dakika tano na zimekuonyesha limekaa wapi.

Rauta inayojizima na kujiwasha yenyewe, kabla hujailaani jaribu adapta nyingine, ila soma volti, kuna za 9 na za 12 na kipini kinafanana kabisa. Wifi haifiki chumbani, kumbe mtu kaficha rauta nyuma ya TV, mbele yake friji, alafu ukuta wa tofali za saruji. Itoe, ipandishe juu, iweke katikati ya nyumba. Kama ina 5GHz, hiyo ina kasi ila haipendi kuta, chumba cha mbali tumia 2.4GHz. Na bando kuisha usiku sio wizi mara zote, laptop ikiunganishwa na hotspoti ya simu inadhani ni wifi isiyo na kikomo inashusha masasisho ya gigabaiti kadhaa, ingia kwenye wifi hiyo uwashe Metered connection, inayoiambia laptop kwamba data ina kikomo, itulie.

Na kuna siku tatizo liko baharini kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, za EASSy na SEACOM, zilikatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kusuasua, na sisi tulikuwa ndo kwanza tunatoka kwenye kimbunga Hidaya. Watu waliniletea rauta nzima kabisa nizitengeneze. Jirani mwenye mtandao mwingine naye akiwa hana, kaa, subiri.

Haya mama yangu pale ameuliza, anaambiwa Windows 10 imekufa atupe laptop. Usitupe mama. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake haipati tena marekebisho ya usalama kama zamani, sio kwamba itazima. Windows 11 inataka TPM 2.0, sehemu ya usalama iliyo ndani ya mashine, ramu angalau GB 4 na kwa wenye Intel prosesa kuanzia kizazi cha nane kwa nyingi, kwahiyo za mtumba nyingi tulizonazo hazifiki. Kuna mpango wa Microsoft wa kuongeza mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama, ingia kwenye Windows Update uangalie kama imekupa nafasi ya kujiandikisha. Isipokupa, na kazi yako ni kuandika barua na kuingia mtandaoni, weka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, wa bure, inakwenda vizuri kwenye mashine za zamani. Ila vitu vyako vitolewe kwanza, na hilo ulisimamie mwenyewe mama, fundi akikwambia nimeshatoa mwambie fungua nione.