Diski si Dawa
Mhadhara kwa mafundi na wenye magari ya zamani, Mwanga, Kigoma

Asanteni. Kaeni, kaeni. Nyie mliosimama mlangoni, kuna benchi huku mbele. Halina oili, nimelifuta mwenyewe.

Nimeambiwa nizungumzie kuboresha breki za gari ya zamani, na najua nusu yenu mmekuja na swali moja mfukoni: "Mzee, nitoe diramu niweke diski za gari gani?" Swali hilo nimelijibu gereji kwangu Gungu mpaka ulimi umeota sugu. Jibu ni lile lile: bado. Fungua kwanza diramu zako nizione. Kwa mgeni: diramu ni lile chungu la chuma linalozunguka na gurudumu, viatu vya breki vinalibana kwa ndani; diski ni sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili.

Juzi kijana kaniletea Land Rover 109, ile ndefu ya zamani, anataka diski kwa sababu "hizi breki za kizamani hazikamati". Tukatoa diramu la nyuma kushoto. Lainingi, ule ugozi wa kiatu unaosugua diramu, imelowa oili ya difu, inang'aa kama chapati. Sili ya ekseli ilishakufa siku nyingi. Tukaja mbele. 109 mbele ina wili silinda, vile visukuma viatu, mbili kila gurudumu, yaani nne. Mbili kati ya hizo nne pistoni zimeganda kwa kutu, hazisogei hata ukizipigia magoti. Sasa gari inasimamishwa na nusu ya breki zake, halafu lawama anabebeshwa aliyeitengeneza! Tumebadilisha sili, tumepeleka diramu kukerezwa maana zilishakuwa yai, tumegonga lainingi mpya, tumefunga wili silinda mpya, tumerekebisha viatu vikaribie diramu. Kijana akatoka kujaribu, kakanyaga, kagonga paji la uso kwenye kioo. Nilimwambia akanyage taratibu. (Kicheko.)

Diramu mnalidharau kwa sababu hamjui linavyofanya kazi. Kiatu kinachotangulia kikigusa diramu, diramu lenyewe linazunguka nacho, linakivuta kijibane zaidi. Unakanyaga kidogo, gurudumu linakuongezea. Mbele ya 109 viatu vyote viwili vinatangulia, kwa hiyo faida ni mara mbili. Ila gari ikirudi nyuma, vyote viwili vinakuwa vya kufuata, na ile faida inapotea. Ndiyo maana ukizimikiwa kwenye kilima huku umepakia, gari ikaanza kurudi, unaona breki zimekuwa legelege. Si mkosi huo. Ndivyo zilivyo.

Diski haina huo ukarimu. Pedi inabana kwa nguvu uliyoipeleka wewe tu, basi. Ndiyo maana gari nzito ya diski lazima iwe na busta, kile kifaa kinachotumia mvuto wa hewa kuusaidia mguu wako. Na hapo kwenye busta ndipo nilipoumbuka mimi, kwa hiyo sikilizeni.

Miaka kadhaa iliyopita, mfanyabiashara mmoja wa maharage na parachichi alikuwa na 109 iliyotolewa injini yake ikawekwa dizeli ya Toyota. Akataka diski mbele. Nikafurahi kama mtoto. Nikatafuta diski na kalipa, ile inayoshika na kubana pedi, kwenye gari iliyokufa, nikachongesha vishikio, nikafunga busta, mpira wake nikauchomeka kwenye manifodi ya hewa, pale injini inapovutia pumzi, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye petroli. Masta silinda, ile inayosukuma oili ya breki ukikanyaga pedo, nikaweka ya gari nyingine iliyokuwa na diramu pande zote, kwa sababu ilikuwepo kabatini. Tukaijaribu Katubuka, tambarare, gari tupu. Nikakanyaga, ikasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Nikapokea hela yangu.

Siku ya tatu inatoka Manyovu imeshiba mzigo. Mnaijua hiyo barabara, sina haja ya kuwachorea miteremko yake. Dereva ananiambia kwanza alisikia gari nzito, kama inavutwa kwa nyuma. Halafu harufu. Akikanyaga breki, pedo ngumu kama jiwe, gari inaenda. Anakanyaga tena, mara hii pedo inazama mpaka chini, gari inaenda. Akashusha giya, Mungu ambariki, akaingiza gari kwenye shamba la mihogo. Mihogo ndiyo iliyofunga breki. Kesho yake mwenye gari kaja gereji na kiroba begani, kakimwaga miguuni kwangu: "Fundi, breki zako hizo." Mihogo mitupu. Na shamba la watu nikalilipa mimi.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Diski zilikuwa nzima! Hilo ndilo ninalotaka muondoke nalo. Dizeli ile haina kile kipepeo cha kubana hewa kama petroli, kwa hiyo kwenye manifodi yake hakuna mvuto wa kulisha busta. Toyota walilijua hilo, ndiyo maana altaneta za dizeli zao nyingi zina pampu ya vakyumu mgongoni. Waliohamisha injini ile walifunga altaneta ya kawaida, isiyo na pampu. Busta yangu ilikuwa sufuria tupu iliyopakwa rangi. Na Katubuka ilisimamaje? Gari tupu, tambarare, na miguu yangu hii mnaiona.

La pili, ile masta silinda. Nyingi za diramu zina kivalvu kinachobakiza presha kwenye mabomba hata ukiachia pedo, pauni 10 hivi kwa inchi ya mraba. Kwenye diramu haina neno, springi za viatu zinaishinda. Diski haina springi ya kurudisha pedi. Pauni 10 zile zikawa zinabana pedi kutoka Manyovu kuja chini, bila mtu kukanyaga. Diski ikapata moto, kalipa ikapata moto, oili ya breki ikachemka, na mvuke unakandamizika, oili haikandamiziki. Ndiyo pedo ikazama.

Naona mkono kule nyuma. "Mbona gari zote mpya zina diski mbele?" Ndiyo, na ni nzuri. Zinatoa joto haraka, ukivuka mto zinajikausha upesi, na kwenye mteremko mrefu diramu likipata moto linatanuka, linakimbia viatu vyake. Sikatai. Lakini gari mpya ilizaliwa na diski pamoja na busta yake, masta yake, na nguvu ya nyuma iliyopimwa isizidi ya mbele. Magurudumu ya nyuma yakikamata kwanza, mkia unataka kutangulia. Wewe umenunua kiungo kimoja cha mwili wa mtu mwingine.

Na kipenyo cha masta nacho mnakipuuza. Ukitoka inchi 1 ukaenda robo tatu ya inchi, kwa mguu ule ule presha inapanda karibu mara 1.8, ila pedo inasafiri mbali kwa kiasi hicho hicho. Kalipa kubwa inataka oili nyingi. Utakanyaga mpaka kwenye zulia kabla pedi haijagusa.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka nikae sana kwenye hili, basi nalisema kwa mkato: kama una hela ya kitu kimoja tu, usinunue diski, nunua masta ya njia mbili. 109 nyingi za hapa zina njia moja. Hozi moja ikipasuka, huna breki hata moja. Gawanya mbele na nyuma, angalau mbili zikubakie.

Mabomba ya friji msiyafunge kwenye breki, na nikikuta nitayakata. Hozi zikichanika ngozi, toa zote. Oili ni ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, ATF, yaani oili ya giya za otomatiki, na oili ya injini zinavimbisha raba. Ibadilishe kila baada ya miaka miwili, inanyonya unyevu: oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, iliyolowa inaweza kushuka mpaka 140. Vumbi la lainingi za zamani msilipulize, lina asbesto. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Hendibreki ya Land Rover hizi za zamani inashika propela shafti, ule mti unaopeleka nguvu ekseli ya nyuma, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, umeiua, gari inaweza kukushukia. Weka mawe. Hili lilistahili saa nzima, haya.

Maswali mengine tuulizane nje. Ile 109 iko chini ya mwembe, tutatoa upepo kwenye mabomba yake ya breki pamoja, tunaanza na gurudumu la mbali na masta, nyuma kushoto. Nataka mmoja wa kupampu na mmoja wa kushika chupa. Anayepampu asiachie pedo mpaka niseme "achia". Wewe wa mlangoni, una viatu vizuri, njoo.