Mafuta yanayouma

Sauti inafika huko nyuma? Haya. Leo sijaja kuwaambia muache chipsi, kaeni kwa amani.

Mnaijua ile nundu laini ya mafuta chini ya ngozi, ukiibonyeza inateleza, watu kibao wanayo, mgongoni, begani, mtu anakaa nayo miaka na wala haimsumbui. Hiyo ni lipoma, kwa kawaida haiumi. Sasa ninaouzungumzia mimi ni ugonjwa ambao mafuta yenyewe ndo yanauma, na yanauma kweli kweli, yaani mtu akishikwa tu mkono anaruka, sidiria inamuuma, mkanda wa pochi unamuuma, mtoto akimrukia mapajani machozi yanamlenga, usiku akilalia ubavu huu anageukia ule na ule nao moto vilevile. Unaitwa ugonjwa wa Dercum, ni nadra.

Francis Xavier Dercum alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu kule Philadelphia, Marekani (ndo huyohuyo aliyemtibu Rais Woodrow Wilson alipopigwa kiharusi 1919). Aliueleza mara ya kwanza 1888, halafu 1892 akaandika habari za wagonjwa watatu na kuupa jina la Kilatini, adiposis dolorosa, yaani mafuta yenye maumivu. Alichosema ni kwamba ukiwatazama hivihivi utadhani ni wanene tu, kumbe mishipa ya fahamu nayo imo. Miaka zaidi ya 130 imepita na sisi bado tunatazama hivihivi.

Maana anayekuja ni nani? Mara nyingi mwanamke, miaka 35 mpaka 50, kanenepa. Anasema mwili unaniuma, anajibiwa mama punguza uzito. Basi anajinyima, anatembea kila alfajiri, kilo zinashuka kweli, magoti yanapata nafuu kidogo, lakini yale maumivu ya kwenye mafuta yapo palepale, anarudi anaambiwa hujajitahidi. Na mimi nimeshawahi kumjibu mtu hivyo, sijisifu.

Kipimo cha damu cha kuuonyesha hakuna. Daktari anaangalia unene, maumivu ndani ya mafuta yaliyozidi miezi 3, halafu anaondoa magonjwa mengine yanayofanana. Wengine wana vinundu, kidogo kama punje ya njegere au kikubwa kama ngumi, wengine hawana kinundu hata kimoja, wengine mafuta yanayouma yanakaa jirani na goti unasema baridi yabisi hii. Msichanganye na ugonjwa mwingine wa mafuta, wa Madelung, huo unapenda wanaume, hasa wanywaji, mafuta yanazunguka shingo kama kola na kwa kawaida hayaumi.

Chanzo hakijulikani, ingawa kuna familia zinazorithishana. Dawa ya kuumaliza hakuna. Panado mara nyingi haifui dafu, kwa hiyo wanajaribu dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, wengine lidokeini, ile ya ganzi, wengine wananyonywa mafuta, au vinakatwa vile vinundu korofi zaidi, ila vinaweza kurudi.

Naam, mama wa kitenge cha kijani. Kama ni kansa? Hapana, siyo. Lakini nundu yoyote inayokua haraka, ngumu, ukiisukuma haisogei, nenda ikapimwe hata kama haiumi. Haya, mwingine, kaka pale mlangoni.