Daktari Anaondoka Lini?

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa udaktari na walimu wenu,

Dodoso la mwaka wa mwisho huwa na swali lilelile: unakusudia kufanya kazi wapi? Majibu yake msiyaamini sana, maana kukusudia hakugharimu kitu. Mwulizeni mtu alichokwisha kufanya. Amelipia mtihani wa leseni ya nchi nyingine? Ameomba chuo kithibitishe vyeti vyake? Aliyelipia mtihani yuko njiani. Anayesema tu "natamani" bado anangoja aone nyumbani watampa nini.

Na kungoja ndiko kunakotuponza. Utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo, ukiisha, posho inakatika siku hiyohiyo, ilhali kibali cha ajira hakijatoka. Miezi inapita, ujuzi unashika kutu, na fomu za kwenda nje ambazo daktari huyu hakuwa na haja nazo sasa anazijaza. Wanaomaliza utarajali wanajulikana idadi yao mwaka mzima kabla, kwa hiyo hakuna cha kubahatisha: nafasi ziingizwe kwenye bajeti wakati wanaanza, barua za kazi zitoke kabla hawajamaliza.

Wengine huzungumzia mkataba wa kulipiwa masomo. Japani wanao mfano mzuri, Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichoanzishwa 1972. Kila mkoa una wanafunzi wake pale. Mkoa unapata daktari kwa muda wa mara moja na nusu ya miaka aliyosoma, kwa kawaida miaka 9, naye anasamehewa ada. Lakini tazameni wanavyoanza: wanachagua watu wa mkoa husika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010, uliorekebishwa 2021, nao unaanzia hapo hapo, kwenye kudahili vijana waliokulia vijijini. Mkataba mtupu, wenye faini ambayo mfumuko wa bei umeshaila, ni nauli tu ya kuondokea. Mwajiri wa ng'ambo atailipa.

Ubingwa nitaupitia haraka: atakayetumikia kituo cha mbali miaka yake, nafasi yake ya masomo iandikwe ndani ya barua ya ajira. Ahadi ya mdomo hufutika mkuu wa idara akibadilika.

Sasa zamu, ambazo watunga sera huzisahau. Daktari akiwa peke yake kituoni, usiku wote 365 ni wake. Wakiwa wawili, kila usiku wa pili. Wakiwa wanne, kila usiku wa nne, na mmoja akienda likizo bado ni wa tatu. Ukiwa na madaktari 12, mimi ningejaza vituo vitatu kwa wanne wanne kuliko kutawanya mmoja mmoja vituo 12. Najua kila diwani anamtaka daktari wake. Vituo 9 vinavyobaki vipewe gari la wagonjwa lenye mafuta, simu inayopokelewa usiku, na ratiba ya daktari kuvitembelea kila wiki.